Aliyenifukuza kwa Sababu ya Mkojo Sasa Anataka Nimzalie

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana hapa kwetu Temeke watu wanajuana, na gazeti lenu husomwa kwa sauti kwenye kibaraza cha kinyozi.

Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, nasuka mikeka, nakaa kwa mama yangu. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka mitano. Nilimzaa kwa shida, siku mbili za uchungu. Tangu hapo nikikohoa, nikicheka, nikiinua ndoo, mkojo unatoka. Nikawa najifunga vitambaa, nafukiza udi kutwa, maji ya kunywa nikaacha kabisa. Mume wangu, mpishi wa Mzungu mmoja, aliniambia nisimwambie mtu. Nikanyamaza.

Kumbe msemaji ni yeye. Siku ya harusi ya dada yake kule Kinondoni tulikaa wanawake uani, mmoja akatia mzaha, nikacheka mpaka nikajisahau. Niliposimama, mkeka umelowa. Mama mkwe akapaza sauti: "Mwanangu aliniambia zamani kuwa huyu ni kikojozi, mie nikambishia!" Wanawake wakaziba pua kwa kanga. Nilirudi Temeke kwa mama yangu kwa miguu, nimeshikilia nguo nyuma.

Kesho yake mume akaja kwa mama. "Shikamoo mama. Binti yako simtaki, nyumba yangu imekuwa choo." Talaka akaiacha juu ya kitanda, mtoto akamchukua.

Mama akanipeleka zahanati. Nesi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa kusini, hakuziba pua. Akaniuliza, "Maji unakunywa?" Nikamjibu sinywi. "Ndiyo maana mkojo unakuwa mkali, unanuka. Kunywa." Akanifundisha kukaza huko chini kama mtu anayezuia mkojo, nihesabu mpaka tano, nilegeze, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na chooni niende kwa nyakati, nisingoje kubanwa. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikalia. Mwezi wa nne nilipiga chafya kisimani mbele za watu, nikajipapasa, mkavu! Sasa ni mwaka. Nikibeba mzigo mzito tu ndiyo tone linanitoka.

Habari zikamfika aliyekuwa mume wangu. Juzi alikuja, kakaa kwenye mkeka niliousuka mwenyewe. "Nimesikia umepona. Huyu niliyemuoa hazai. Turudiane, unizalie wa kiume, na mwanao utakaa naye. Ukikataa, hutamuona tena."

Nikamuuliza, "Na yale ya Kinondoni?"

"Yameshapita hayo."

Nilikwenda kumuuliza nesi. Akasema uzazi mwingine wa shida unaweza kunirudisha kule kule nilikotoka. Mama naye anasema nirudi, mtoto ni mtoto. Na Idi hii nilimwona mwanangu barabarani, kashikwa mkono na yule mke mpya wa baba yake. Akanipa shikamoo kama anavyompa mpita njia yeyote, wakaendelea na safari yao. Chakula kilikuwapo siku ile, lakini kilinishinda.

Amenipa mpaka mwezi wa Shaabani uandame. Wasomaji wenzangu, hasa nyie wanawake mliozaa, nishaurini nishike njia ipi. Ila asitokee mtu wa kuniambia nisamehe. Nimeambiwa nirudi tu; radhi sijaombwa.