Kengele ya Jumamosi

Siku hizi mtaa ule una gari la zimamoto, jekundu, linaoshwa kila asubuhi. Fundi cherehani akipita hapo hulitazama kwa heshima, akamshukuru Mungu, lakini moyoni bado anazikumbuka enzi zao, walipokuwa hawana gari wala mpira wa maji.

Nyumba zao ndizo zilikuwa za mwisho kabla ya mlima wa misonobari. Kiangazi kikikaribia, watu walitoka na majembe na mafyekeo, wakakwangua nyasi ukanda mrefu chini ya msitu, ardhi ikabaki kipara, ili moto ukishuka ukose cha kula. Hakuna aliyelipwa. Mkubwa wao alikuwa seremala, na ndiye aliyeweka utaratibu kwamba kila asiyeweza kukimbia awe na mtu wa kumtoa. Fundi cherehani akapewa mama mkwe wake.

"Wenzangu mmepewa watu," aliwaambia wanawake, "mimi nimepewa mlima wenyewe."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Maana bibi yule miguu ilikuwa imemchoka, ila ulimi ulikuwa bado msichana.

Jumamosi moja moja alasiri walifanya mazoezi. Kengele ya shule ikigongwa, kila mtu alimtoa mtu wake, wakutane kwenye uwanja wa shule. Mwanzoni wazee waligoma. Ndipo wanawake wakashauriana wapike chai ya maziwa yenye tangawizi iliyokolea, na mikate. Basi! Wazee wakawa wa kwanza kufika. Halafu wakaanza kuvaa. Huyu kaja na kilemba kipya, yule na viatu vya harusini. Seremala akalalamika kwamba hayo si mazoezi tena, ni arusi iliyokosa bwana arusi. Fundi cherehani akainamia kikombe chake, maana magauni mengi ya mazoezi aliyashona yeye.

Sasa Jumamosi moja, iliyokuwa na mazoezi alasiri, kengele ikalia asubuhi. Fundi alitoka nje akanusa. Haukuwa moshi wa jikoni. Juu ya misonobari mbingu ilikuwa imeshika rangi ya kutu, na upepo ulikuwa unakuja huku. Mume wake alikuwa ameshakimbilia kwenye ukanda na wenzake. Fundi akalikamata toroli, akalisukuma mbio hadi kwa mama mkwe.

Akamkuta amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni, anaiosha taratibu.

"Mama, twende!"

"Leo mmewahi. Huyo seremala ana haraka gani, anasafiri?"

"Mama, leo ni kweli. Ni moto."

"Ndivyo mnavyosema kila mara. Niletee gauni langu la zambarau. Usilikunje, nimelipiga pasi jana."

"Hakuna cha gauni, Mama, panda toroli!"

"Mimi? Nipite mbele za watu na nguo ya kulalia? Mwanangu kaniolea kichaa!" Akashika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, beseni likapinduka.

Kumbeba asingeweza. Bibi alikuwa mzito, na huko nje mlio wa matawi yanayopasuka ulishaanza kusikika. Fundi alipiga magoti palepale kwenye maji yaliyomwagika, akaomba kwa maneno machache, maana hakukuwa na nafasi ya mengi. Kisha akainuka, akafungua dirisha lote.

Majivu yakaingia, mepesi kama manyoya, yakatua kwenye gauni lililoning'inia ukutani. Bibi akayagusa. Kidole kikatoka cheusi.

"Hii siyo kengele ya chai," akasema polepole. Akaachia kitanda.

Njiani waliwakuta wazee milangoni, mmoja anafunga vifungo vya shati, mwingine anatafuta kitana. Watu wao wanawabembeleza, wapi! Bibi akajiinua ndani ya toroli, pekupeku, nguo ya kulalia imemlowa magotini.

"Nyinyi! Mnaona nimevaa nini?" akapaza sauti. "Mimi huyu! Mngeniona hivi kama si moto?"

Kitana kilianguka hapohapo. Mtaa mzima ukatoka.

Moto ulikufa kwenye ukanda, isipokuwa pembeni, uliporuka na kuchukua nyumba moja. Ya bibi. Uwanjani aliutazama moshi wake, akiwa ameushika mkono wa mkwe wake, wala hakuuachia mpaka seremala alipomaliza kuhesabu watu na kukuta wote wapo.

Akahamia kwa fundi, na miaka yote aliyobakiza waligombana kwa raha zao. Chumvi imezidi, pazia limepinda, mwanangu amekonda. Alipofariki, Mungu amlaze pema, fundi alikuta amezoea kupika chakula chenye chumvi kidogo. Hata leo hajaweza kuirudisha.