Leo Mjomba Amenibadilishia Kozi

Hili sijamwambia mtu. Nyumbani wanajua kwamba nilipoomba chuo, saikolojia niliibofya kwa bahati mbaya. Nilidanganya. Niliichagua mwenyewe.

Leo mjomba, ambaye ndiye atanisomesha, kanipeleka steshenari ya mjini Lushoto "kurekebisha makosa".

Kaka wa steshenari, anayewajazia wengi maombi ya chuo, akacheka. "Saikolojia! Ukimaliza utaajiriwa na nani, dada, kabichi za shambani Mlola?"

Mjomba naye akacheka. "Mwekee ualimu."

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya anakoweza kwenda aliyesoma saikolojia: ushauri nasaha mashuleni, hospitali, ustawi wa jamii, shahada ya pili. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Sikuitoa. Nikasema, "Sawa, mjomba."

Dakika tano, kwisha.

Tukipandisha mlima kurudi nyumbani, mjomba akasimama ghafla. Akaanza kunieleza jambo linalomnyima usingizi tangu mwaka jana. Mimi! Niliyechekwa muda si mrefu!

Nikamsikiliza, wala sikumkatiza.

"Wewe unajua kusikiliza, mwanangu," akasema. "Usimwambie mtu."

Aliyoyasema sitayaandika hata hapa.

Na nyie nitunzieni la kwangu: sikukosea kubofya.