Sketi Niliyoitia Rangi ya Mikeka

Haya niliyafanya mimi, kwa mikono yangu, na akili zangu timamu, kwa hivyo aibu naibeba mwenyewe. Lakini msinitake niyasimulie nikicheka, maana kila nikikumbuka hasira hunipanda mpaka masikio yawake.

Tulikuwa tukikaa Bofu, Likoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwanangu Mwanaidi alikuwa anaingia darasa la sita. Mwalimu mkuu mpya akatangaza kwamba sketi sasa ni za kijani, na zinunuliwe duka moja tu (alisema ni "duka lililokubaliwa", lakini sote tulikuwa tukimwona akinywa chai na mwenye duka). Bei yake ilikuwa mara mbili ya fundi yeyote wa mtaani. Nikasema sinunui, wallahi, nami nina sketi ya dada yake, ya kijivu, nzima, haina hata kiraka, na ndani nina rangi ya kijani ninayotilia ukindu wa mikeka.

Nikachemsha maji, nikatia rangi, nikaitumbukiza sketi na kuigeuza kwa mikono mitupu (mikono ikawa kijani hadi vifundoni, nikasugua mpaka ngozi ikauma, haitoki). Sketi ilipokauka ilipendeza kuliko za dukani. Mwanaidi akaitazama, akauliza, "Na wakiuliza, mama?"

Nikamjibu, "Sema mamangu kanunua dukani."

Siku ya kufungua skuli wazazi tuliambiwa twende na watoto. Jua la Januari mnalijua. Watoto wakasimamishwa paredi saa nzima, mwalimu mkuu akihubiri nidhamu, nami nikaona jasho la mwanangu linateremka miguuni, na linateremka kijani, soksi nyeupe zikaanza kulowa rangi na wenzake wakawa wanasogea kando. Mwalimu mkuu akamwita mbele. "Sketi hii imenunuliwa wapi?" Na yule mtoto, kichwa kainamisha, akajibu vile vile nilivyomfundisha.

Ningemchukua tukaenda zetu, yangeishia hapo. Lakini nilijitoma mbele, nikasema kwa sauti, "Mwalimu, usimuulize mtoto, muulize rafiki yako anayetuuzia nguo za kuchuja rangi." Wazazi wakaniunga mkono (hasira za ile bei walikuwa nazo wote), mmoja akadai arudishiwe pesa zake, na mwenye duka, ambaye alikuwa pale pale na meza yake ya sketi barazani, akaja bila haraka, akaomba ndoo ya maji, akachovya sketi mpya, akaikamua, maji yakabaki safi. Kisha akanigeukia, kwa adabu kabisa. "Mama, hebu nionyeshe mikono yako."

Nilikuwa nimeificha ndani ya buibui tangu asubuhi. Sikuitoa. Lakini nilipomshika Mwanaidi ili tuondoke ikatoka yenyewe, na umati mzima ukaiona. Wale walioniunga mkono ndio waliocheka zaidi.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimtazama mwanangu, akasema, "Kumbe wewe ni mwongo."

Hilo sijamsamehe hadi leo. Mimi nimesimama hapo, mtu mzima, na ushahidi vidoleni, yeye anamwita mtoto mwongo. Nikamwambia, "Mwongo ni mimi, huyu nilimtuma." Sijui kama alisikia, kwa vicheko vile.

Njiani Mwanaidi hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kesho nitavaa nini?"

Tulinunua ya dukani, kwa bei ile ile, na bado mwaka mzima wenzake walimwita Mkeka. Kubana matumizi sikuacha: nimegeuza kola za mashati, nimepunguza marinda, nimejalidi madaftari kwa magazeti, na ile bei ni wizi, nitasema hivyo popote mtakaponiweka. Ila niliapa siku ile, na kiapo nimekishika, kwamba nikiwa na ugomvi na wakubwa nitakwenda kuusema mwenyewe, kwa jina langu, na mtoto nitamwacha nyumbani.