Mtu Aliyefunga Mguu wa Mama

Baba alirudi Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya mguu. Angerudi siku nyingine yoyote, angepewa maji ya kunawa, angekaa, angesimuliwa mambo polepole. Lakini alisukuma mlango, sanduku mkononi, akamkuta mwanaume amepiga goti mbele ya mke wake.

Kikwembe cha mama kilikuwa kimepandishwa hadi gotini. Kisigino chake kilikuwa juu ya paja la yule mtu, naye alikuwa anazungusha bandeji huku anapiga mluzi. Mama alipomwona baba aliufunika mdomo kwa kiganja, akataka kuinuka.

"Maman, usisimame," muuguzi akasema bila kugeuka. "Ukisimama sasa, yote inalegea, tunaanza tena ku vidole."

Mama akabaki pale pale. Baba, aliyekuwa amekatiwa njia Kinshasa tangu vita ya pili ianze, alisimama kwenye mlango wa nyumba yake akingoja bandeji ipande hadi gotini. Ilipanda bila haraka, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini yake.

"Bonjour," baba alisema mwishowe.

"Bonjour, papa. Ingia, ukae," akajibu muuguzi, kama mwenye nyumba.

Hakuna aliyemwambia baba habari za mguu. Alikuwa ameondoka kwa semina fupi ya kazi, na akiwa huko waasi waliuchukua mji wetu, nchi ikagawanyika, ndege zikaacha kuja. Tulizungumza naye kwa foni ya parokia, ile redio ambayo kila mtu aliye kwenye mstari anakusikia, na majirani walikuwa wamejaa kwenye viti nyuma yetu. Mwanamke hawezi kuueleza mguu wake mbele ya mtaa mzima. Kwa hiyo mama alikuwa anasema, "Tuko bien, watoto iko bien, ni kwako," kisha anaachia kitufe na kungoja sauti ya baba.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisimama mbele ya ubao tangu ujana wake, na baada ya kutuzaa sote, mishipa ya mguu wake wa kushoto ilivimba na kujisokota chini ya ngozi kama kamba za viazi vitamu. Mwaka ule baba alipokwama, mama alijigonga kwenye kona ya kitanda, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Mkwaruzo mdogo tu. Ukawa kidonda, na kidonda kikakataa kufunga. Alikinyunyizia unga wa vidonge, akakiwekea majani ya shangazi yangu wa Kalehe, akaacha kwenda kwaya kwa sababu ya harufu. Mkurugenzi wa shule akampa mwalimu mwingine darasa lake, akasema atamrudishia siku atakayoweza kusimama. Basi yote aliyoyafanya mama tangu hapo aliyafanya kwa ajili ya siku hiyo.

Muuguzi alikuwa wa mtaa wa Cimpunda, mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Alijipaka manukato ambayo yalibaki kwenye mapazia hadi Jumatatu. Alimwambia mama kwamba unga hautasaidia kitu. Damu inashuka mguuni na kushindwa kurudi, inakaa pale chini kama maji ya bwawa, na ngozi inaoza polepole. Kinachotakiwa ni kuifinya irudi juu. Kwa hiyo maji ya chumvi yaliyochemshwa, kitambaa safi, halafu bandeji kuanzia vidoleni, yenye kubana zaidi kifundoni na kulegea inavyopanda. Na kulala miguu ikiwa juu kuliko kichwa.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma baba kuliko yote. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani macho mekundu.

"Nani aliweka matofali chini ya kitanda changu?"

"Docta," mdogo wangu akasema. Sisi watoto ndivyo tulivyomwita muuguzi.

"Aliingia mu chumba?"

"Aliingia na matofali," mdogo wangu akajibu, akiendelea na uji wake.

Baba aliyatoa mwenyewe, akayarusha nyuma ya jiko. Kisha maswali yakaanza, na alituuliza sisi, hakumuuliza mama. Docta anakunywaka nini? Chai. Katika kikombe gani? Kile cha bluu. Wanaongeaka nini? Mguu. Mguu tu? Tulimwambia kwamba Docta anajua kuiga sauti ya kanali wa barrière, kile kizuizi cha wanajeshi barabarani, na kwamba mama akicheka sana anaambiwa atulie kwa sababu mguu unatikisika. Baba alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha bluu. Sikuwahi kumwona tena akinywea kikombe kingine.

Nami nilikuwa na wivu wangu. Miaka ile yote nililala na mama kwenye kitanda kile cha matofali, tumeinamisha vichwa, milio ya risasi ikishuka kutoka milimani, mkono wake juu ya tumbo langu. Sasa nilihamishiwa kwenye godoro la wadogo zangu. Baba alimwonea wivu muuguzi kwa miaka ambayo hakuwepo. Mimi nilimwonea baba kwa usiku mmoja tu, na bado nauona wangu ulikuwa mkali zaidi.

Jumamosi iliyofuata baba alimngojea Docta nje.

"Merci, docteur. Umefanya kazi nzuri. Sasa bwana yake amerudi."

Docta alitazama viatu vyake. "Sawa, papa. Lakini usilegeze ku kifundo. Hata akisema inauma."

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli. Wakati ule kidonda kilikuwa kimepungua hadi ukubwa wa punje ya haragwe, na mama alikuwa ameanza kupiga pasi magauni yake ya kazi. Baba akapiga goti. Mikono yake ilizoea kalamu, si bandeji. Alipofika kifundoni, karibu na kidonda, mama alivuta pumzi, naye akalegeza. Alipofika chini ya goti alikaza kwa nguvu, kwa sababu hakutaka bandeji imwangukie mke wake barabarani, watu wakacheka. Alifunga kwa huruma pale palipotaka nguvu, na kwa heshima pale palipotaka kuachwa.

Mama aliona. Mtu aliyefungwa vizuri Jumamosi nyingi sana anajua. Unyayo wake ulivimba kama mkate, viatu vikakataa kuingia, na hakusema kitu. Nilimwona akitazama utosi wa baba ulioanza kupata mvi, kichwa kile kimeinama juu ya mguu wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekula chakula alichokitamani muda mrefu. Nilitoka nje nisiuone.

Harufu ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Ilirudi jioni moja tukiwa mezani. Baba aliweka kijiko chini, akafungua bandeji, akaondoa kitambaa cha kidonda, akakuta punje imekuwa kubwa kama kiganja cha mtoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanishika vizuri," mama akasema. "Lakini mi nataka darasa yangu. Nataka kusimama. Enda umuite."

"Yeye?"

"Kama unajua mwingine, muite mwingine."

Nilimwongoza baba hadi Cimpunda kwa sababu nilijua vichochoro. Docta alikuwa anapiga pasi shati kwenye meza, pasi ya makaa. Hakuiacha. Tulisimama hadi alipomaliza kola na mikono yote miwili.

"Nani aliifunga?" akauliza.

"Mimi."

"Ulilegeza ku kifundo."

"Alikuwa anaumia."

"Anaumiaka, ndiyo vile," Docta akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao haukuwa wa kazi. "Hata kwangu mimi anaumiaka."

Baba alilimeza hilo. Akasema, "Tafazali, docteur." Nilitazama makaa.

Alikuja siku ile ile, ingawa haikuwa Jumamosi. Alimwagiza baba aende akalete matofali, kisha akampa kazi ya kushika kisigino, unyayo ukiwa umesimama wima. Wanaume wawili walipiga goti, mabega yakigusana, mmoja akinukia manukato na mwingine sabuni ya kufulia, na mguu wa mama katikati. Bandeji ilipofika kwenye kifundo Docta aliivuta. Mama akauma kona ya kikwembe. Baba alitaka kuachia, hakuachia.

"Wakati ule," akauliza kwa sauti ya chini, macho kwenye kisigino, "kidonda ilipokuwa kubwa. Alikuwa analia?"

"Kulia? Hapana, papa," Docta akasema, akipanda mzunguko mwingine. "Alikuwa anakutukana."

"Mimi?"

"Weye. Ile Kinshasa yako, semina yako, mama yako aliyekuzaa. Nikivuta, anakutukana. Nikiachia, ananyamaza. Mi nilizoea. Siku hakukutukana nilijua sijakaza."

"Kila Jumamosi?"

"Muulize yeye mwenyewe."

Baba aliinua uso. Mama aligeukia dirishani, masikio yamemwiva kwa aibu, na ghafla baba akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima, kisigino cha mama kikitikisika viganjani mwake.

"Tulia, papa," Docta akasema, bila kucheka. "Unatikisa muguu."

Bandeji ilikuwa bado chini ya nusu. Baba alitulia, akakaza mikono kwenye kisigino, na Docta akavuta tena.

"Mjinga weye," mama akamwambia baba, meno yameuma kikwembe, na baba akaitika.