Harusi Aliyoikataa Nasha Paraschiva

Harusi za zamani zilikuwa harusi bwana. Siku hizi watu wanakodi ukumbi mjini, chakula kinaletwa kwa kupimiwa, na kabla hujashiba umeshaonyeshwa mlango. Zamani pale kijijini kwetu Lunca harusi ilikwenda siku tatu, mbwa wa kijiji kizima wakanenepa, na bila Paraschiva Dumbravă hakuna aliyethubutu kuita shughuli hiyo harusi.

Yeye alikuwa nasha, mama msimamizi wa maharusi, na mumewe Simion alikuwa nashu, baba msimamizi. Kwetu kazi hiyo mtu hajipi, anairithi. Mama mkwe wake Paraschiva alikuwa amewasimamia mababu. Yeye akawasimamia wazazi, akawasimamia watoto wao kwenye ubatizo, na watoto wakikua akawasimamia nao. Ndiye aliyeonja kabichi za kuviringishia nyama na kuzirudisha jikoni kama chumvi haikukolea. Ndiye aliyewagombeza wapiga tarumbeta wakilewa mapema. Na sherehe ikifikia ukingoni, ndiye aliyemvua bibi harusi shela na kumfunga kitambaa cha wake za watu, huku wanawake wakiimba na kulia kwa pamoja. Mikono yake ilikuwa myepesi. Hata msichana mkaidi alitulia akiguswa naye.

Simion yeye alikuwa mchezaji. Tumbo mbele, kofia kisogoni, ukimtoa kwenye duara la ngoma alinuna kama mtoto. Walipendana kwenye harusi za watu kuliko walivyopendana nyumbani, na hilo Paraschiva alilisema mwenyewe bila haya.

Desturi ilikuwa na meno yake pia. Nasha akiombwa hakatai. Anayekataa, wazee walisema, mlango wake haubishwi tena. Na familia ikitaka nasha mwingine, sharti yule wa zamani aiachilie kwa kinywa chake.

Basi vuli ya mwaka tisini na nne, Sorina, binti wa Toader na Maricica, akiwa na miaka kumi na minane, alikuwa anatoka kwenye ngoma ya mavuno. Vijana watano wa kijiji walimkamata njiani, wakamburuta hadi kwenye kinu cha zamani, wakambaka. Paraschiva ndiye aliyembatiza mtoto huyo. Toader alimpeleka binti yake polisi asubuhi ile ile, na kesi ikafika mahakamani mjini.

Sheria ya wakati ule, Mungu aisamehe maana mimi siwezi, ilisema mbakaji akimwoa aliyembaka, adhabu hakuna. Na wakiwa kundi, akioa mmoja tu, wote wanakwenda nyumbani kula. Hakimu akaahirisha kesi mara ya kwanza, akaahirisha mara ya pili, akizishauri familia zikazungumze kama watu wanaoishi pamoja.

Wakazungumza kweli. Familia za wale vijana zikakaa kumchagua bwana harusi kama wanaochagua nguruwe wa sikukuu. Mmoja alikuwa na mke tayari, wawili walikuwa na wachumba, wa nne hata mama yake alimwita mlevi. Akabaki Ovidiu. Wakaenda kwa Toader na zawadi. Mara ya kwanza Toader aliwafukuza kwa uma wa kugeuzia nyasi. Lakini maneno ya watu yana kazi yake. Dukani Maricica akiingia, wote kimya. Padri naye akasema ndoa ni paa, hufunika mengi. Mwisho wakalegea. Toader aling'ang'ania jambo moja tu: binti yake hatafungishwa ndoa serikalini kwa mashahidi wa kuokoteza kama ndama wa mnadani. Ataolewa mbele ya nasha wake, au hataolewa.

Jumapili Toader na Maricica wakaja kwa Paraschiva na mkate wa duara na chupa ya pombe ya plamu, kama inavyotakiwa. Hakuumega ule mkate, aliuacha mezani. Alisema atajibu akishazungumza na msichana.

"Tangu lini nasha akamuuliza bibi harusi?" Maricica alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Ni kweli, hakuna aliyewahi kuulizwa. Harusi zote zile, na Paraschiva hakuwahi kufungua kinywa kuuliza. Alijitanda kitambaa akaenda.

Alimkuta Sorina nyuma ya nyumba, anatoa kokwa za plamu kwa ajili ya jamu.

"Unamtaka?"

Sorina hakuacha kazi. "Mama halali. Baba hatoki nje. Nikikataa nitaishi wapi?"

"Sijakuuliza utaishi wapi."

"Mimi siwezi kukataa, nasha. Kataa wewe."

"Mwanangu, mimi ndiye nisiyeruhusiwa kukataa. Unalijua hilo."

"Nalijua," alisema Sorina. "Wewe utakosa harusi. Mimi nitalala naye."

Paraschiva alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua koti. Simion alisikiliza habari yote, akakuna kichwa. Alisema kukataa ni dhambi. Kisha akasema hii nayo ni dhambi. Akakoroga chai mpaka ikapoa.

"Haya," alisema hatimaye. "Itabidi nicheze na mbuzi."

Wao wawili wakaurudisha mkate, mchana kweupe, kijiji kikiangalia. Paraschiva akasema hasimamii, na haiachilii familia kwa nasha mwingine. Maricica alimlaani palepale langoni. Toader yeye alikuwa ameshaapa kwamba bila nasha hakuna ndoa, na kiapo chake kikambana.

Siku ya kesi hakimu aliulizia cheti cha ndoa. Wakili wa vijana akaeleza kwamba ndoa imekwamishwa na ukaidi wa bibi mmoja wa kijijini. Hakimu akataka kumwona bibi huyo. Paraschiva akasimama.

"Mama, unajua kwamba unawapeleka vijana watano jela?"

"Si mimi niliyewapeleka kwenye kinu, mheshimiwa."

"Msichana mwenyewe hajasema kwamba hataki."

Ndipo Sorina aliposimama pembeni ya mama yake. Alikuwa amejishika kwenye benchi. "Sitaki," alisema, na hakimu alipomtaka aongeze sauti, akaongeza. "Simtaki."

Vijana wale walifungwa, ingawa si miaka waliyostahili. Sorina akaenda Italia kutunza wazee wa watu. Baada ya miaka michache sheria ile ikafutwa, na wakubwa wakapigiana makofi kwa werevu wao.

Mlango wa Paraschiva haukubishwa tena na mtu wa kuomba harusi. Watoto aliowabatiza walivuka barabara wakimwona. Mwaka hadi mwaka familia zikaja moja moja kuomba ziachiliwe, naye akaziachilia zote kwa neno la heri. Simion alicheza na redio jikoni, mkono mmoja kiunoni mwa mkewe, hadi moyo wake uliposimama majira ya baridi fulani.

Kiangazi kilichopita Sorina alikuja kumsalimia. Ana mvi sasa. Walikaa uani, na ng'ambo ya mto kulikuwa na harusi. Tarumbeta zilifika mpaka pale. Paraschiva akawa anasikiliza huku vidole vyake vikipiga mapigo mezani.

"Nasha, unajuta?"

Bibi yule hakuwahi kujua kudanganya. Alisema anazililia harusi zile, kila Jumapili anazililia: vumbi lake, kabichi zake, vichwa vya wasichana vilivyokuwa na joto chini ya viganja vyake, Simion na kofia yake. Alisema hakuna kitu alichokipenda duniani kama kile, na kwamba kimekwenda na hakirudi.

"Ungejua ingekuwa hivi," Sorina aliuliza polepole, "ungekataa?"

Paraschiva alimtazama kama aliyeulizwa jina lake.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Nilijua siku ile ile."