Gari la mzee niliyeposa kwake, na taimingi isiyokaa

Wakuu, salamu aleikum.

Kisa hiki ni cha kweli. Ningekuwa nadanganya, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Sasa nina miaka tisini na ushei, na tangu ujana mimi ni mtu wa ndani, wa vitabu kuliko vyuma. Hii ni Mombasa ya miaka ya arubaini, vita vimekwisha juzijuzi, petroli bado ya kugawiwa. Nilikuwa nimeposa kwa Ami Athmani, fundi wa milango ya nakshi, Kibokoni. Jibu bado.

Ami alikuwa na gari kuukuu. Likaanza kupiga chafya kwenye kabureta na kukosa nguvu. Akaniuliza, "Wewe si umesoma sekondari? Injini waijua?"

Nikasema naijua. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili za kitabu cha kuazima.

"Basi litengeneze. Nijue binti yangu namtia mikononi mwa nani."



Nikasafisha plagi. Nikaizungusha kidogo distributa, ile igawayo cheche kwa plagi, nikapanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, gari likanguruma vizuri. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikalala.

Siku ya pili likazima nami ndani, sokoni Marikiti, mbele ya mahamali wote, wachukuzi wa mizigo. Wakalisukuma huku wakinipigia kelele, "Bwana harusi, shuka nawe usukume!"

Nikashuka.

Nikapanga tena. Likawaka. Kesho yake taimingi imehama!

Wakuu, mnanielewa? Alama yangu ya chaki iko palepale, distributa imekazwa haikusogea, lakini cheche yaja wakati itakao yenyewe. Nikashuku petroli. Nikabadilisha waya. Nikamshuku hata paka wa jirani, aliyezoea kulala juu ya boneti.

Siku ya tano nikameza aibu, nikaenda kwa Fundi Akbar, makanika wa Bondeni. Plagi hakuzigusa. Alifungua kifuniko cha distributa, akaishika rota, kile kipande kizungukacho ndani, kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikacheza huku na huku, injini imetulia tu.

"Yakhe, gia yake huku chini yateleza," akasema. "Wewe watia saa majira na mishale yake imelegea."

Akaichomoa distributa. Gia ile hushikwa kwenye shafti kwa pini ya chuma. Yetu ilishikwa kwa msumari wa shaba wa mlangoni, umeliwa nusu.

"Gari la nani hili?"

"La Ami Athmani, fundi wa milango."

Akacheka hadi akakaa chini.

Akatia pini ya chuma, gari likapona. Mimi nikabaki na msumari mfukoni. Nikisema, nimemfedhehesha mzee. Nikinyamaza, kesho atapigilia mwengine.

Nikamtia msumari mkononi. "Ami, huu ndio uliokuwa ukishika gia."

Akautazama sana. Kazi yake aliijua.

"Nani mwengine kauona?"

"Fundi Akbar."

"Na wale mahamali?"

"La, Ami. Wao wameniona mimi tu."

Akautupa kwenye sanduku lake la kazi, akalifunga. "Waambie wazee wako waje Ijumaa baada ya sala."

Nililojifunza: taimingi ikihama na distributa haijasogea, acha kuipanga. Fungua kifuniko, zungusha injini kwa hendeli, tazama kama rota yafuata. Kisha ishike uone kama yacheza. Ni kazi ya dakika tano, mimi ilinichukua siku tano.

Wenye magari ya kizamani, nanyi semeni: mlikuta nini mahali pa pini?