Mstari Uliopita kwa Mama wa Chai

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu katika chama cha wafuga nyuki pale Manyoni, na siku zilikuwa zinayoyoma. Soko la asali lilikuwa limefunguliwa kwa kila mtu, kila chama kinasaka mfadhili. Yule tuliyemtarajia sisi akaandika barua: anakuja Ijumaa, aonyeshwe mchoro wa nani yuko chini ya nani, uchorwe kwa kompyuta.

Mwenyekiti akanikodolea macho. "Binti, mchoro ukikubaliwa, unaajiriwa. Ukikataliwa, urudi kwenu Ilongero ukapalilie alizeti."

Nikaitikia sawa mzee.

Kompyuta ilikuwa na programu ya visanduku: unaandika cheo, unavuta mstari, basi. Nilikuwa nimesoma wiki tatu Singida mjini, nikajiona profesa. Nikachora mwenyekiti juu, chini yake katibu, chini ya katibu mweka hazina. Katibu alipouona akaruka.

"Wee! Umenikalisha kichwani kwa mkwe wangu?"

Lo! Mweka hazina alikuwa mama mkwe wake, na kwa mila wale wawili walikuwa hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkononi. Mama akiingia mlangoni, katibu anatokea dirishani, na tai yake shingoni. Karatasi zao alizibeba mama wa chai, pamoja na vikombe.

Nikageuza: mama juu, katibu chini. Mama akajifunika khanga usoni. "Sasa mkwe wangu awe ananichungulia kwa chini? Mtoto huna haya wewe!"

Nikawaweka sambamba. Wakapiga kelele wote, kila mmoja chumbani kwake. "Umetulaza kitanda kimoja!"

Jamani, watu wazima wale! Nilitamani kuitupa kompyuta kisimani. Alhamisi mchana nikawa nalia waziwazi, kamasi mpaka kwenye vitufe. Mama wa chai akaleta kikombe, akachungulia kioo.

"Sasa kulia kwa nini? Hizo karatasi si napita nazo mimi? Mbona sipo?"

Nikamchorea kisanduku katikati, mistari ya wakwe ikapita kwake. Wakatulia. Mwenyekiti naye akaninong'oneza, "Na wangu upitishe hukohuko. Yule mweka hazina mkali bwana."

Ijumaa mgeni akausoma mchoro, akaufuata kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kisha akainuka, akampita mwenyekiti aliyekwisha kunyoosha mkono, akaenda kwa mama wa chai na birika lake.

"Shikamoo, mama. Naona hapa kila kitu kinapita kwako."

"Marahaba. Kinapita."

Akamuuliza mizinga, akamuuliza asali ya Rungwa, akamuuliza wanachama. Mama akajibu yote bila kupepesa. Kumbe zile karatasi alikuwa anazisoma njiani! Mgeni akaridhika, ufadhili ukapita, na mimi nikashukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu nikapewa barua. Nikaifungua: nimeajiriwa! Nikapiga kigelegele pale pale ofisini, halafu nikasoma mstari wa mwisho. Kwa mujibu wa mchoro ulioidhinishwa, nitawajibika kwa mama wa chai.

Nikamkimbilia jikoni na barua, nikimwambia wamekosea. Akaisoma taratibu, akaikunja, akanirudishia.

"Si umeuchora mwenyewe?" akasema. "Haya, vikombe vile pale."